Mikono Miwili Katikati ya Kipilefti

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wachongaji, wasanifu majengo na wapenzi wa sanaa. Nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji, ila nimeuacha mwendo wake wa mazungumzo kama ulivyokuwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wachongaji wenzangu, mabibi na mabwana. Wakubwa, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kuja, maana najua mlikuwa na kwingine pa kwenda.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Karibu kila walichosema wahenga nakikubali, lakini hapo naomba radhi. Kipo kimoja nilichokitengeneza kwa mikono hii, na mpaka leo nikipita karibu nacho nageuza uso.

Miaka mingi iliyopita nililetewa barua ya kazi. Ilitaka sanamu itakayoonyesha mshikamano wa watu. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukipewa neno hilo: nikatengeneza mikono miwili inayoshikana. Ilikuwa ya saruji juu ya nondo, kimo chake kama watu watatu waliopandiana mabegani, kila kidole na kucha yake. Zile kucha nilizionea fahari sana. Siku ya uzinduzi utepe ukakatwa, picha zikapigwa, wakubwa wakasema maneno mazuri, watu wakaondoka. Hawakurudi tena, na wasingeweza kurudi hata kama wangetaka, kwa sababu sanamu iliwekwa katikati ya kipilefti. Magari yanaizunguka usiku na mchana, kivuko cha waenda kwa miguu hakuna, na kandokando yake umefungwa mnyororo. Anayetaka kuigusa sanamu ya mshikamano sharti kwanza aponee chupuchupu kugongwa.

Basi sikilizeni kilichotokea pembeni. Tulipokuwa tukijenga kitako cha sanamu, tulikosea vipimo, likabaki bonge moja la zege lisilo na kazi. Gari la kulibeba halikupatikana, fundi wangu akalisukuma hadi chini ya mti kando ya barabara na kuliacha hapo. Nilipopita baada ya mwaka mmoja, lile bonge lilikuwa limelainika juu kama limepigwa msasa. Lilikuwa linakaliwa. Wazee wawili walikuwa juu yake wakibishana, na bila shaka walikuwa hapo jana yake na juzi yake. Mikono yangu huko katikati ilikuwa imevaa vumbi na kinyesi cha ndege.

Nikajiuliza, kati ya hivi viwili, sanamu ya mshikamano ni ipi?

Sikuja na jingine zaidi ya swali hilo. Watu walioungana unaweza kuwaonyesha kwa patasi na uvumilivu. Kumfanya mtu asimame mahali, amkute mwingine asiyemjua, na wote wawili wawe na sababu ya kutokimbilia kuondoka, hilo patasi peke yake haliliwezi.

Nianze na mbwa. Nje ya stesheni ya Shibuya, Tokyo, ipo sanamu ya mbwa anayeitwa Hachikō. Si kubwa, na kwa ufundi tu mngeweza kuipita bila kuitazama mara mbili. Mbwa huyo alikuwa na bwana wake, profesa aliyesafiri kwa treni kwenda kazini, naye alikuwa akimpokea stesheni. Mwaka 1925 profesa alifia kazini. Mbwa akaendelea kwenda stesheni kumngoja, karibu miaka 10, mpaka naye akafa mwaka 1935. Sanamu yake ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1934, mwenyewe akiwa hai na akiwapo. Wakati wa vita kuu ya pili chuma na shaba vilikuwa vikitafutwa kila kona, na sanamu ile nayo ikayeyushwa. Ya sasa ni ya mwaka 1948. Aliyeitengeneza ni Takeshi Andō, mtoto wa Teru Andō, mchongaji wa ile ya kwanza, ambaye alikuwa amekwisha kufariki.

Kwa hiyo mtoto alikaa akaifanya upya kazi ya baba yake, ya mbwa aliyekuwa akimngoja mtu asiyekuja. Hayo peke yake yangenitosha. Lakini kinachonivutia zaidi ni matumizi yake. Watu wa Tokyo wakitaka kukutana eneo lile huambiana wakutane hapo kwa Hachikō. Stesheni ile ni miongoni mwa zenye msongamano mkubwa kabisa duniani. Bila alama ya kuaminika, wawili wangeweza kutafutana hadi usiku. Sanamu ya aliyengoja imekuwa mahali pa kungojana. Mbwa alimkosa wake, wengine kila siku wanawapata wao ubavuni mwake. Hakuna kamati iliyoandika hilo kwenye mkataba. Lingeandikwa kwenye mkataba, pengine lisingetokea.

Sasa niseme kidogo juu ya mikono, ya kweli, yenye jasho.

Shaba ya sanamu ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Ukiiacha hewani na mvuani hujivika ngozi: kahawia kwanza, baadaye huelekea kijani. Ngozi hiyo hailetwi na uchafu. Ni shaba yenyewe imeungana na hewa, maji na chumvi zilizomo, na huilinda ile iliyo chini yake. Mahali panapoguswa kila siku ngozi haipati nafasi ya kutulia. Vidole huisugua, na shaba hung'aa kama imetoka kalibuni jana. Ndiyo maana sanamu iliyozoeana na watu unaitambua kwa mbali: ina madoa ya dhahabu, pua imeng'aa au goti, au ncha ya kiatu. Katika Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, ipo sanamu ya Petro ameketi, na mguu wake wa kulia umelika hata vidole havitofautiki, kwa karne nyingi za mahujaji kuubusu na kuushika. Aliyechonga mguu ule alitengeneza vidole vitano. Mahujaji wakauchonga upya, bila tindo.

Wanaotunza sanamu huumia kichwa hapa, na wana haki. Kule Verona, Italia, sanamu ya shaba ya Juliet, yule mpenzi wa Romeo katika tamthilia ya Shakespeare, ilishikwashikwa na watalii mpaka ikaharibika. Mwaka 2014 ilibidi iondolewe, ikawekwa nakala. Nao walikuwa wakimshika kifua, eti ni bahati. Kwa hiyo sisemi kila mguso una heshima. Tukubali tu kwamba mkono wa mtu una akili yake: ukiona kitu kilicho karibu, cha umbo la mwili, unataka kwenda. Mchongaji anayeweka kazi yake juu ya nguzo ya mita sita ameukatalia mkono huo. Huenda ana sababu nzuri. Ila asishangae watu wakipita chini bila kuinua macho.

Niwapeleke mahali ambapo mguso ndio uliobeba kila kitu.

Mwaka 1981 kulifanyika shindano huko Marekani la kubuni kumbukumbu ya askari waliokufa katika vita vya Vietnam. Michoro 1,421 ililetwa, na majaji hawakuonyeshwa majina ya wachoraji. Iliyoshinda ilikuwa ya Maya Lin, msichana wa miaka 21 ambaye alikuwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale. Hakuchora askari, hakuchora bendera, hata tai hakumchora. Alichora kuta mbili za granaiti nyeusi zinazozama ardhini kidogokidogo na kukutana kwenye pembe. Juu yake majina. Leo yanazidi 58,000.

Watu wengine walikasirika kikweli. Walisema ni jeraha jeusi, ni aibu, wakataka sanamu inayoeleweka. Mwaka 1984 wakapewa: askari watatu wa shaba, kazi ya Frederick Hart, wamesimama kando kidogo wakiuelekea ukuta. Ni kazi safi, na mimi niliyehangaika na kucha najua kilichomgharimu kuzitengeneza zile buti na mikunjo ya nguo. Kwa bahati nzuri, basi, pale Washington tunavyo vyote viwili pamoja: watu walioonyeshwa wakiwa bega kwa bega, na jiwe lisilo na mtu hata mmoja. Watu wanakwenda wapi? Kwenye jiwe. Wanapiga magoti. Wanaweka kidole juu ya jina na kukitembeza ndani ya herufi. Wanapachika karatasi juu yake na kusugua kwa penseli mpaka jina linatokea, wanakunja, wanaondoka nalo. Wengine wanaacha vitu chini: barua, medali, kofia, buti. Walezi wa mahali hapo huvikusanya na kuvitunza.

Siri ni nini? Mimi nimeona mbili. Ya kwanza: granaiti ile imesuguliwa hadi ikawa kioo, kwa hiyo ukisoma jina la maiti unajiona mwenyewe nyuma yake, pamoja na yule aliyesimama kando yako, ambaye humjui. Uso wako, uso wa jirani na jina la aliyekufa, vyote mahali pamoja. Ya pili ni ya uandishi tu, na inaweza kukupita. Majina hayakupangwa kwa alfabeti. Hayakupangwa kwa vyeo pia. Yamepangwa kwa siku. Wa mwanzo yuko pale pembeni, kuta zinapokutana, na safari inazunguka mpaka wa mwisho anakuja kuandikwa karibu na wa kwanza. Walioanguka siku moja wako mstari mmoja au jirani. Wangepangwa kwa alfabeti, ukuta ungekuwa kitabu cha simu. Kwa mpangilio huu, mama akimpata mwanawe anakuta amelala na wenzake aliokuwa nao siku ile. Mshikamano ulio mzito kuliko huo sijauona popote katika kazi yetu, na hakuna mkono hata mmoja uliochongwa.

Nataja haraka jambo la namna hiyo, kwa vijana wanaodhani ukubwa ndio utukufu. Mjerumani Gunter Demnig alianza katika miaka ya 1990 kufukia vijiwe kando ya barabara, kimoja kimoja, kila kimoja na bamba la shaba ya manjano la sentimita 10 kwa 10. Huwekwa mbele ya nyumba ambamo mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi alikuwa akiishi kwa hiari yake mara ya mwisho. Maandishi mara nyingi huanza hivi: "Hapa aliishi". Mwaka 2023 vilifika 100,000, vimetawanyika katika nchi nyingi za Ulaya. Huwezi kukisoma ukiwa umesimama wima. Unainama, na mpita njia anayekuona umeinama anajiuliza umeona nini.

Sasa mtu ataniambia, mzee, wewe umekosea mikono yako na sasa unataka wote tuache kuchonga watu. Hapana. Nina ushahidi unaopinga maneno yangu, na lazima niulete mwenyewe kabla hamjauleta nyinyi.

Katika bustani ya Vigeland, Oslo, kuna nguzo ya granaiti ya zaidi ya mita 14. Ni jiwe moja. Ndani yake kuna watu 121, wanaume, wanawake, wazee, watoto, wamepandana, wamekumbatiana, wamesukumana kuelekea juu. Gustav Vigeland aliifinyanga kwanza kwa udongo, kisha waashi watatu wakaichonga kwenye jiwe kwa miaka 14, kuanzia 1929. Yeye alikufa mwaka 1943, kabla nguzo haijaonyeshwa kwa umma. Na wengi wenu hapa, kabla sijamaliza sentensi, mmekwisha kumkumbuka ndugu yake wa mpingo: kile kinyago cha Wamakonde kiitwacho dimoongo, ambacho wengi hukiita ujamaa. Gogo moja, watu wamelizunguka kuanzia chini hadi juu, kila mmoja amebeba na amebebwa. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba mikono iliyo mbali hivyo ilifika mahali pamoja.

Kwa nini hizo zinafaulu na mimi nilishindwa? Zitazameni kwa macho ya fundi. Katika nguzo zote mbili huwezi kumwondoa mtu hata mmoja. Mgongo wa huyu ndio kifua cha yule, na ukiingiza patasi kuwatenganisha unakata wote wawili. Umoja umo katika jiwe lenyewe, katika gogo lenyewe, kabla sura yoyote haijajitokeza. Yangu ilikuwa mikono miwili iliyofinyangwa mbalimbali, kila mmoja na kalibu yake, ikaja kuunganishwa kwa saruji siku ya mwisho. Na ufa, maana upo ufa, ulianzia palepale viganja vinapokutana. Zege halijui kusema uongo.

Halafu ipo njia nyingine, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu ya ukali wake. Mwaka 1992 Maurice Harron aliweka sanamu katika mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, mji ambao hata jina lake lina ubishi, wengine wanauita Londonderry. Watu wawili wa shaba wamesimama kila mmoja juu ya ukuta wake na kunyoosheana mikono. Haigusani. Pamebaki nafasi ndogo, na mchongaji hakuiziba. Wakati ule umwagaji damu kati ya pande mbili za watu wa huko ulikuwa bado haujamalizika. Angeikutanisha mikono ile, angekuwa amewadanganya mchana kweupe, na wao ndio waliokuwa wakizika. Kwa kuacha pengo alisema ukweli, na aliacha kazi. Mtazamaji akifika pale anaona kilichobaki, na anajua hakitamalizwa na shaba.

Marco Cianfanelli naye alituachia kazi ya aina nyingine. Karibu na Howick, Afrika Kusini, mahali Nelson Mandela alipokamatwa mwaka 1962, zimesimamishwa nguzo 50 za chuma, tangu mwaka 2012. Ukizikaribia ni vyuma tu, vya urefu tofauti, vimekatwa kwa mikato isiyoeleweka. Unaweza kupita katikati yake usione chochote. Rudi nyuma, kiasi cha mita 35, katika sehemu moja maalumu, na ghafla vyuma vyote vinajipanga kuwa uso wake. Sogea hatua chache pembeni, uso unavunjika. Mimi ningependa kukaa pale siku nzima nikitazama watazamaji badala ya sanamu, kwa sababu mtu akiipata ile sehemu hawezi kujizuia. Lazima amwite mwingine: njoo, simama hapa nilipo. Hebu fikirini, sanamu inayomfanya mtu ampishe mgeni mahali pake.

Nimewaonyesha zilizofaulu. Kuna moja inayoninyima usingizi, na juu yake nimebadili mawazo mara tatu.

Mwaka 1981 mchongaji Richard Serra aliweka sanamu yake, bamba la chuma, mbele ya jengo la serikali huko New York. Urefu wake ulikuwa mita 36 na ushei, kimo karibu mita 3.7, limepinda na kuinama kidogo, limekatiza uwanja mzima. Wafanyakazi waliokuwa wakivuka uwanja moja kwa moja sasa walilazimika kuzunguka. Wakalalamika. Mwaka 1985 kukawa na kikao cha kusikiliza watu: 122 waliitetea, 58 wakataka iondoke. Jopo la watu watano likaamua, wanne kwa mmoja, iondolewe. Serra akasema kazi ile ilitengenezwa kwa ajili ya pale tu, kuihamisha ni kuiua. Mahakama haikumsaidia. Mwezi Machi mwaka 1989, usiku, ikakatwa vipande vitatu na kubebwa.

Nilipokuwa kijana nilisema, wajinga, wameua kazi ya bwana mkubwa. Baadaye, baada ya kipilefti changu, nikasema, wamefanya vema, angewauliza kwanza. Siku hizi nasema jambo la tatu, na sijui kama nitabaki nalo. Kwa kipimo changu mwenyewe, yaani sanamu inawafanyisha watu nini, bamba lile lilifanya kazi kubwa. Watu waliopitana pale bila salamu walijikuta wakiandika barua, wakikusanya sahihi, wakisimama mbele ya kikao kueleza uwanja wao una maana gani kwao. Liliwaunganisha, ila dhidi yake. Na palipoondolewa chuma pakawekwa mabenchi. Nikisikia hivyo nalikumbuka bonge langu la zege na kucheka peke yangu.

Ninachokishikilia ni hiki: chuma kile hakikuwa na hatia ya kuwazuia watu njia, maana hata mlima huzuia njia na tunaupenda. Kosa lilikuwa kwamba waliokuwa wakivuka uwanja kila siku waliulizwa mwishoni badala ya mwanzoni.

Hapo tunagusa fedha, na sanaa ya hadhara bila kuzungumzia fedha ni hadithi ya watoto. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipokuwa inangojwa kutoka Ufaransa, fedha za kitako chake zilikwama. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la World, akatangaza kwamba kila atakayechangia, hata senti chache, jina lake litachapishwa gazetini. Zikapatikana dola kama 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Watoto walivunja vibubu vyao. Kile kitako tunachokiona kama kipande cha mawe cha kuinulia kitu cha maana ndicho kilichounganisha watu wengi kuliko mwenge wenyewe.

Mfano wa upande wa pili ni Dakar, Senegal, ambako mwaka 2010 ilizinduliwa sanamu ya mita 49 ya mwamko wa Afrika: mwanamume, mwanamke na mtoto, familia inayotoka mlimani na kutazama bahari. Ukiangalia mada tu, ni mshikamano mtupu. Lakini gharama yake ilitajwa kuwa kama dola milioni 27, ujenzi wakapewa watu wa Korea Kaskazini, rais wa wakati ule akadai asilimia 35 ya mapato kwa kuwa wazo lilikuwa lake, na vazi la yule mwanamke likawaudhi wengi. Watu waliandamana barabarani dhidi ya sanamu ya familia. Naikumbuka kila ninapokaa na watu wanaotaka kazi ianze kabla haijaulizwa ni ya nani.

Na maneno yaliyochongwa kwenye vitako tuyasome kwa makini. Huko Bristol, Uingereza, tangu mwaka 1895 ilisimama sanamu ya Edward Colston, mtu aliyetajirika katika biashara ya watumwa. Kitako kilisema imesimamishwa na raia wa Bristol. Tarehe 7 Juni 2020 raia wa Bristol waliivuta kwa kamba, wakaibingirisha hadi bandarini na kuitumbukiza majini. Ilipoopolewa ikapelekwa makumbusho, ikaonyeshwa ikiwa imelala chali, na rangi iliyopakwa siku ile haikufutwa. Ikiwa sanamu inatuambia sisi ni nani, basi lazima kila kizazi kiulize lile neno "sisi" lilimhesabu nani na lilimwacha nani nje.

Nimeona mwenyekiti anatazama saa. Namalizia.

Nimepewa kazi nyingine. Barua yake, mtacheka, ina neno lilelile: mshikamano. Safari hii sijachora mikono. Wiki tatu za kwanza sikuchora chochote. Nilikuwa nakwenda mahali penyewe na kiti changu cha kukunja, asubuhi na jioni, nikihesabu watu wanapita wapi, kivuli kinaangukia wapi saa tisa alasiri, nani anasimama na nani anapitiliza. Walinzi waliniuliza mara mbili kama nimepotea. Sasa nimefikia umbo refu, la chini, linalopinda kama mgongo wa mtu aliyelala, lisilo na mbele wala nyuma. Huenda ni baya. Wenzangu wawili wameniambia hivyo, na mmoja wao ni mke wangu.

Mfano wake wa udongo uko mezani pale karibu na mlango, nimeufunika kwa kitambaa kilichoroweshwa ili usikauke. Mkitoka, ufunueni. Weka kiganja chako pale ambapo ungeegemea, au bonyeza kwa dole gumba pale ambapo ungekaa; anayekufuata ataweka chake. Alama zenu sitazisawazisha, nitazipeleka kwenye kalibu kama zilivyo. Fundi wangu anaomba jambo moja tu, kwamba mtu asithubutu kuchora kucha. Na wa mwisho atakayeshika tafadhali aurudishe ule kitambaa, akinyunyizie maji kidogo, kwa sababu wafagiaji wa ukumbi huu wanaingia saa kumi na moja alfajiri na nimewaahidi kwamba udongo utakuwa bado laini.